Kipande Alichoshindwa Verna

Verna Thiessen hakuwa mtu wa kukaa kitako. Tangu bega bovu lilipomtoa kwenye orkestra ya jiji la Winnipeg, alikopiga viola, ile fidla nene zaidi, tangu usichana, mikono yake haikujua pa kwenda. Alipanga kabati lililokwisha kupangwa. Alipiga pasi taulo. Mumewe Garth, aliyewahi kufundisha useremala shuleni, alijifunza kunyanyua miguu kila ufagio ulipopita.

Kilichomshikiza kidogo ni Jumamosi. Baada ya chakula cha mchana, watu kadhaa walikutana sebuleni kwa Stefan Bodnar, mfamasia mstaafu ambaye santuri zake zilikuwa zimejaa mpaka bafuni. Mchezo wao ulikuwa mmoja. Mtu analeta kipande kifupi cha muziki wa klasiki, kifupi kiasi cha kuvuta pumzi mara mbili, anakipiga, halafu wenzake wanamtaja mtunzi. Si vile vipande vya harusini na vya matangazo ya sabuni. Hivyo waliviona vya kitoto. Walitaka kitu kilicholaliwa na vumbi: Mfini aliyekufa kijana, au padri wa Kicheki aliyetunga misa moja akarudi kulima viazi. Na katika sebule ile Verna ndiye aliyekuwa simba. Mara nyingi alijibu kabla sauti haijakatika, kisha akaangalia dirishani kana kwamba ameulizwa saa.

Jumamosi moja ya Januari, baridi ya kukausha kope, zamu ilikuwa ya Maëlle Sabourin, mwalimu wa filimbi kutoka ng'ambo ya mto, mtaa wa Wafaransa. Maëlle alichomeka simu yake kwenye spika za Stefan. Fidla zilisikika chini, zikinung'unika, halafu viola ikapanda juu yao, ikapanda tena, kama mtu anayesimama juu ya kiti ili asikizwe. Ikakatika.

Verna aliinamia spika.

"Haya, mama," Stefan alisema. "Tunakungoja wewe."

"Piga tena."

"Sheria ni mara moja!"

"Nimesema piga tena, Stefan."

Kikapigwa tena. Verna alihisi joto likimpanda shingoni. Kipande hiki alikijua. Alikijua kama unavyoijua sura ya mtu uliyekutana naye sokoni, jina liko mlangoni linagoma kuingia. Akataja Mpolandi mmoja. Maëlle akatikisa kichwa. Akataja Mdenmaki.

"Simba leo kala nyasi!" Stefan akapiga paja, na sebule nzima ikaangua kicheko.

"Basi tuambie, Maëlle," Verna alisema, akijilazimisha kutabasamu.

Maëlle alichomoa simu yake harakaharaka. "Jumamosi ijayo. Acheni vichwa vichemke kidogo."

Kichwa cha Verna hakikuchemka tu, kilifurika. Alimlazimisha Maëlle amtumie kile kipande kwenye simu, na wiki nzima kikawa ndicho redio ya nyumba. Alikisikiliza akikata kabichi, mpaka supu ikamwagikia jiko. Dukani alisimama mbele ya maziwa akivuma ile sehemu viola inapopanda hadi mama mmoja akamwuliza kama anaumwa. Siku ya Jumatano alipanda gari na kuondoka bila kuchomoa waya wa umeme unaopasha injini isigande kwa baridi, akaung'oa na soketi yake.

"Bibie," Garth alimwambia, akiwa ameshika kipande cha plastiki kilichobaki ukutani, "huyo mtunzi wako akipatikana, nitamtumia bili."

"Usinitanie, Garth. Sijalala vizuri tangu siku ile."

"Najua. Na mimi nipo kitanda hichohicho."

Kilichomuudhi zaidi ni mpigaji. "Msikilize," alisema, akiinua simu. "Sauti anayo, nzuri hata. Lakini ana haraka! Utafikiri ameacha birika motoni. Angekuwa mwanafunzi wangu ningemrudisha mwanzo."

Ijumaa uvumilivu ulimwishia. Akampigia Maëlle.

"Shoga yangu, nimeshindwa. Nimenyoosha mikono. Niambie jina nipumzike."

Maëlle akasema polepole, "Verna, usinichukie. Silijui."

"Hulijui nini?"

"Jina. Tulikuwa tunasafisha ghala chini ya kanisa letu, nikaokota utepe wa zamani wa kurekodia, ule wa mviringo, nikanakili kipande kwenye simu. Hauna maandishi hata herufi moja. Nilijua nikisema sijui mtanikataza, sheria inasema uwe na jibu. Nikajisemea, Verna atakitaja tu, Verna anakijua kila kitu."

"Wiki nzima, Maëlle! Nimevunja ukuta!"

"Nisamehe."

Verna alikata simu akaanza kuzunguka meza ya jikoni. Alikasirika, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kilichomtia woga: kama kipande hakina jina, yeye alikijulia wapi? Akakipiga tena, kwa sauti kubwa. Garth alikuwa kwenye sinki, anaosha vikombe.

"Hebu rudisha," Garth alisema bila kugeuka. "Pale mwanzo kabisa."

Akarudisha.

"Verna, huyo ni wewe."

"Nani?"

"Anayepiga. Kabla hajaanza anavuta pua, hivi." Akavuta pua, fupi, kali. "Unafanya hivyo kabla ya kupiga, kabla ya kuingia kwenye maji baridi, kabla ya kunigombeza. Mimi muziki siujui. Pua yako naijua."

Verna alitaka kucheka ikashindikana. Akaiweka simu sikioni. Ilikuwepo: pumzi ndogo, ya mtu mwoga anayejikaza. Akavuta kiti akakaa.

Ndipo mambo yakaanza kumrudia, si kwa mpangilio. Kanisa ng'ambo ya mto, baridi hadi walipiga na makoti. Wanafunzi wanne wa chuo cha muziki, yeye mdogo wao, wamekubali kurekodi kwa sababu waliahidiwa chakula. Na mwalimu Teodor Lysak, Muukraine aliyekuwa akiwafundisha nadharia ya muziki, amesimama pembeni amewapa mgongo wakati utepe unazunguka. Utunzi ulikuwa wake mwenyewe. Walipomaliza alisema "Asanteni" tu, na wao njiani walimcheka: muziki wa mzee, walisema, umepitwa na wakati. Haukupigwa tena popote. Lysak alishafariki, Verna alisikia kwa mbali, na hakwenda mazishini.

Akampigia Stefan, ambaye aliwajua Waukraine wote wa mkoa ule kwa dawa walizokunywa.

"Lysak? Ana binti, Larysa," Stefan alisema. "Ana duka la mikate kule Selkirk. Ila sikujua kama baba yake alitunga chochote."

Garth aliendesha, na Verna akakirudia kile kipande njia nzima. Larysa alikuwa mwanamke mpana, mwenye unga mpaka kwenye nyusi. Alisikiliza maelezo ya Verna kwa jicho la mtu anayedhani anauziwa bima.

"Baba yangu alifundisha," alisema. "Nyumbani hakugusa hata kinanda. Mama alisema aliacha."

Verna hakubishana. Aliiweka simu juu ya kaunta, kati ya mikate, akaibonyeza. Wateja wawili walisogea karibu.

Larysa alisikiliza huku ameinamisha kichwa. "Huyu ni baba?"

"Ndiye."

"Alikuwa na haraka hivi?"

"Hapana, dada. Hiyo haraka ni yangu. Yeye aliandika taratibu."

Larysa alijifuta uso kwa mkono, akaacha unga zaidi. "Kilichobaki kiko wapi?"

Kilikuwa kwa Maëlle. Kesho yake, sebuleni kwa Stefan, hakuna aliyebahatisha chochote; walipiga utepe wote kutoka mwanzo. Larysa aliketi kiti cha mbele, sahani ya perogi alizoleta, vidonge vya unga vyenye viazi ndani, ikiwa mapajani, hakumpa mtu. Maëlle alilia waziwazi. Stefan, aliyekuwa na utani kwa kila jambo, safari hii alimpa leso yake.

Verna hakuweza kukaa. Alisikiliza akiwa amesimama jikoni, mgongo kwenye friji, akimsikia yule msichana aliyekuwa yeye akipita mbio juu ya mahali pazuri kuliko alivyojua. Alitamani kumshika kiwiko, amwambie ngoja, hapo ngoja. Msichana hakungoja. Mwisho wa utepe mtu mmoja alisikika akikohoa, na sauti ya kiume ikasema asanteni.

Larysa akaja jikoni. "Alitunga na vingine?"

"Sijui," Verna alisema. Tayari alikuwa anatafuta koti lake. "Ghala lile halijaisha kusafishwa. Maëlle! Nani ana funguo za kanisa?"