Maua Meupe ya Bibi Jirani

Nikisikia harufu tamu ya maua meupe ya vuli, narudi kwenye bustani yetu ya nyuma kule mtaani Sparkhill, ughaibuni. Bibi mzee, jirani yetu, alimpa mama mzizi wa maua hayo, kisha bibi huyo akafariki wakati mama yuko zamu kazini hospitalini. Hawakuagana. Vuli ilipofika, maua yakarefuka kumpita baba, membamba kama mishumaa.

Asubuhi moja hapakuwa na upepo hata kidogo, lakini shina moja likaanza kuyumba peke yake. Nikashika sketi ya mama.

"Mama, nani yuko pale?"

Hakushtuka. "Karibu, bibi," akasema kuelekea maua. "Yamechanua, si unaona?"

Shina likatulia. Mama akanituma nilete viti viwili. Akakalia kimoja. Kile kingine sikuthubutu kukikaribia.