Mkono Kifuani

Kazi yangu ilikuwa kulaza watu. Katika hospitali ya misheni kule milimani Mbinga mimi ndiye niliyekuwa nesi wa nusu kaputi, na kabla ya kila operesheni nilipita wodini na daftari langu la maswali. Unakoroma? Kuna mtu amewahi kuona pumzi yako ikikatika usingizini? Unasinzia mchana? Daktari aliyenifundisha alinionya mapema kwamba mtu wa namna hiyo nusu kaputi inaweza kumuua. Dawa hulegeza koo, na mwili ukisahau kugutuka, ndiyo basi tena.

Watu walinicheka. Kwetu kukoroma si ugonjwa, ni usingizi wa mtu aliyeshiba. Tena mwanamke gani wa Kimatengo mwenye heshima zake angetoa siri za chumbani kwa mumewe, azimwage mbele ya nesi kutoka Lipingo, mla dagaa wa ziwani?

Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa ndiyo kwanza walikuwa wameanza kupanda milimani na magari yao. Mkulima mmoja wa kahawa kutoka Maguu akaja na ngiri ya kinenani. Shingo yake na kichwa chake vilikuwa na unene mmoja. Alisinzia kwenye benchi nikiwa bado naandika jina la kijiji chake.

"Shikamoo baba. Unakoroma?"

"Marahaba. Sikoromi."

Nikamgeukia mkewe, mama mwembamba aliyekumbatia kikapu. Akatazama sakafu. "Baba watoto anapumzika vizuri tu," akasema.

Niliomba tumpe sindano ya mgongo, afe ganzi kuanzia kiunoni huku yuko macho. Mzee akaruka. Alikuwa amesikia mnadani kwamba sindano ile humaliza nguvu za kiume. "Mgongo wangu usiguswe, mwanangu. Nipe nusu kaputi kama wanaume wenzangu." Daktari alisema hatuwezi kumlazimisha kwa kukisia tu, na operesheni ilikuwa kesho yake asubuhi.

Nilikasirika, na mimi nikikasirika sikai kimya. Lakini siku ile nilikaa. Baada ya ugali wa mchana, wodi ilipolala, nilivuta stuli karibu na kitanda chake nikavua saa yangu. Alikoroma mpaka vioo vya dirisha vikaitikia. Halafu kimya. Kifua kilihangaika kupanda, hewa haiingii. Nikaanza kuhesabu.

Kabla sijainuka, mkono ulipita mbele yangu. Mkewe alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua maharage. Bila kuinua macho alimfinya mumewe ubavuni kwa vidole viwili. Mzee akagutuka, akavuta hewa kwa kishindo, akaendelea kukoroma. Mama akarudi kwenye maharage yake. Baada ya muda pumzi ikakatika tena, na mkono ukaenda tena.

"Mama, umeanza lini kumfinya?"

Alishtuka kama mtu aliyefumaniwa. "Tangu kifungua mimba wetu akiwa ananyonya."

"Sasa yuko wapi?"

"Ameolewa."

"Na usiku?"

"Nalala nimemwekea mkono kifuani. Kikikwama, naamka."

Mimi na cheti changu, na mashine yangu, na daftari langu, nilijiona mdogo sana mbele ya yule mama. Miaka yote hiyo alikuwa amembakiza mtu duniani kwa vidole viwili, na hakuna aliyemwambia asante, kwa sababu hakuna aliyejua.

Nilimwamsha mzee. "Baba, kesho nikikupa nusu kaputi, huyu mama hata akufinye mpaka utoke damu, hutasikia."

"Anifinye?" Alimtazama mkewe. "Wewe, unanifinya?"

"Kila siku."

"Mbona hukusema?"

"Ningeyapeleka wapi mambo ya chumbani?"

Mzee akajigeuza taratibu, akanipa mgongo. "Haya," akasema. "Chomeni."

Operesheni ilikwenda vizuri. Alituhadithia kuhusu mibuni yake mpaka daktari akamwomba anyamaze. Tulipomrudisha wodini nilimwegemeza kwenye mito, nikamwambia mkewe, "Leo zamu yangu. Lala, mama." Aliketi kwenye stuli, akalaza kichwa pembeni mwa godoro, na usingizi ukamchukua hapo hapo.

Ndipo mimi na mzee tukaona. Mkono wa mama ulikuwa juu ya shuka, na usingizini mle vidole viwili vilikuwa vikifinya shuka, vikiachia, vikatulia, vikafinya tena.

Mzee alisogeza mkono wake polepole, akauweka chini ya vile vidole. Vikamfinya. Akavuta pumzi kwa nguvu, makusudi, ili mkewe asikie. Vidole vikaachia.