Mama Mkwe Alipokuta Povu Sebuleni

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ambayo nikiikumbuka hadi leo nacheka peke yangu. Mimi na mume wangu Wafula tulikuwa tumeoana juzi tu, tukapanga nyumba huku mtaa wa Ayany, yenye sakafu ya mbao. Mwenye nyumba alituonya mapema: sakafu ikiharibika, mnahama.

Siku hiyo mama yangu alikuwa anakuja kutuona kwa mara ya kwanza. Nikaenda soko la Kawangware kutafuta mboga. Huku nyuma Wafula, kwa kutaka kumpendeza mama mkwe, akaamua kuosha kapeti letu kubwa. Lakini haraka haina baraka. Hakulitoa nje, alilimwagia maji na sabuni ya unga palepale sebuleni, ndoo baada ya ndoo.

Niliporudi nilimkuta amekunja suruali magotini, povu limefika chini ya kochi.

"Wafula! Sakafu ya watu!"

"Sasa haliinuki," akasema kwa unyonge. "Limekuwa zito kama ng'ombe."

Tukavuta. Likagoma. Mara tukasikia hodi.

Kwetu, mwanangu, mkwe hajianiki ovyo mbele ya mama mkwe. Hata njiani humpisha. Wafula akakimbilia jikoni, akateleza, akakaa kitako kwenye povu. Mama ndiye huyo mlangoni.

Akamtazama Wafula, akalitazama povu. Kisha mama akacheka mpaka akashika ukuta. Akavua viatu.

"Heshima itangoja kidogo," akamwambia Wafula. "Baba, shika upande huo. Mbao ikinywa maji huvimba."

Tukaita majirani, tukalikunja kapeti, tukalitundika uani juani. Tukafungua madirisha na kukausha sakafu kwa matambara, sote tumepiga magoti. Mama akamwambia Wafula, "Nia yako ni njema. Ila kuuliza si ujinga." Sakafu ikapona, na jioni mkwe na mama mkwe wakala ugali meza moja, jambo ambalo kwetu halikuwahi kuonekana.

Basi nawe unayehamia nyumba yenye sakafu ya mbao, sikia. Kapeti kubwa likung'utie nje, ulifagie pande zote mbili. Doa lipanguse kwa kitambaa kilichokamuliwa, wala usimwage maji. Lisirudi sakafuni kabla halijakauka hadi chini. Na mzigo ukikushinda, ita watu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mungu akujalie nyumba isiyokauka wageni, na wakwe wanaojua kucheka.