Pindo la Blanketi Langu

Gunia lilishushwa barazani kwangu, Sumbawanga, pamoja na madebe mawili ya ulezi. Dereva wa pikapu hakuzima hata injini. Alinipa ujumbe akiwa bado ameshika usukani: mama anasema umalizie kazi iliyomo, binti wa kaka yako anaolewa baada ya mavuno, na macho yake yeye mama hayaoni tena tundu la sindano. Basi, hiyo ndiyo barua yote. Hakuna salamu, hakuna "mwanangu naomba". Nilifungua gunia palepale mbele ya cherehani yangu, nikavuta kilichokuwa juu, nikakitambua kabla sijakikunjua. Lilikuwa blanketi langu.

Nyumbani kwetu Mwazye msichana hakutoka kwenda kuolewa bila blanketi la vipande lililoshonwa na mama. Mama alifundishwa kushona na masista wa misheni akiwa msichana, lakini mablanketi yale hakufundishwa na mtu. Yalitoka kwenye shida. Miaka ile ya kufunga mkanda, kitambaa kilikuwa kikifika duka la ushirika mara moja kwa miezi kadhaa, na watu walipanga foleni kabla hakujapambazuka, wamejikunyata, maana upepo wa Ufipa mwezi wa sita hauna huruma na mtu. Mama alikuwa akipita kwa mafundi akiokota vipande chini ya miguu yao. Kila kipande alikiloweka siku mbili kitoke wanga na kinywee kama ni cha kunywea, akakianika, akakipanga na wenzake wa uzito mmoja. Katikati aliweka blanketi kuukuu. Alianzia katikati, akazunguka kwenda nje, kwa mkono, miaka miwili, mitatu.

Kitu kimoja tu hakukiweka yeye, nacho ni pindo. Kitambaa cha pindo alikichagua msichana mwenyewe, akakileta kwa mama, mama akakishona. Sijui kama kuna nyumba nyingine Ufipa yenye desturi hiyo, mimi sijaiona. Dada zangu wawili walichagua, mmoja buluu ya bahari ambayo hakuwahi kuiona, mwingine maua mekundu. Wakaolewa na mablanketi yao mabegani, wanawake wakipiga vigelegele.

Na langu hilo hapo sasa, limekamilika kila kitu isipokuwa pindo. Nililitandaza juu ya mkeka. Nguo yangu nyeupe ya komunyo ya kwanza ilikuwa katikati kabisa. Kaptura ya kaki ya baba. Sketi yangu ya shule. Khanga ya bibi, ile ya rangi ya tumbaku. Kingo zilikuwa zimechanuka nyuzi, na kona moja panya alikuwa amejipatia chakula chake. Chini kabisa ndani ya gunia kulikuwa na blanketi jingine, dogo kama kitambaa cha kufunikia sinia. Hilo mama alilianza binti wa kaka alipozaliwa, akaliacha na kulirudia, mpaka macho yakamwishia njiani. Ndipo nikaelewa hesabu yake. La mjukuu halijafika popote, kwa hiyo achukue la shangazi.

Sikulia. Nilipiga teke gunia, nikalipiga tena, na jirani aliyekuwa akipepeta mahindi akaamua kuingia ndani kwake.

Nieleze kwa nini. Mimi niliolewa na blanketi la mtumba. Baba alilinunua mnadani wiki ya harusi, la kijivu, na pembeni lilikuwa na maandishi mekundu ya hospitali ya nchi ambayo mpaka leo siijui. Miaka kumi nimelala chini ya jina la hospitali. Wifi zangu walilinusa, wakatazamana, wakaniuliza kwa upole ule wa kuchoma kama kwetu hakuna mkono wa kushona. Tangu siku hiyo nilikuwa na wimbo mmoja, na ukoo mzima uliujua: mama aliwapa wenzangu, mimi akaniruka. Niliusema msibani, niliusema kwenye ubatizo, niliusema mbele ya mtu yeyote aliyekuwa na masikio.

Na mitumba yenyewe, nani aliumizwa nayo kama mimi? Nilikuwa nimeshakuwa fundi. Mipaka ilipofunguliwa kabisa na kila kitu kikawa ruksa, marobota yalimwagwa sokoni na watu wakavaa kafa Ulaya kuanzia kofia mpaka soksi. Hakuna aliyekuja kwangu tena kushonewa gauni. Walikuja kunitaka nipunguze kiuno cha suruali ya mzungu aliyekufa ameshiba. Siku nzima nafumua kazi ya watu ambao sitawaona, halafu mama ananiletea gunia nimshonee mwingine kilicho changu.

Wiki haikuisha, nikapanda gari kwenda Mwazye na blanketi mapajani.

Mama nilimkuta jikoni, anachambua maharage kwa vidole, uso ameuelekeza mlangoni kwenye mwanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Sijaanza. Hili ni langu."

Alinyoosha mikono, nikampa. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo, pande zote nne, taratibu, mpaka akafika kwenye kona iliyoliwa na panya. Hapo akasonya.

"Ni lako," alisema. "Nani amesema si lako?"

"Sasa unamgawia vipi mtoto wa kaka?"

"Kwa sababu halina pindo. Nilikwambia ulete kitambaa. Hukuleta."

"Lini uliniambia?"

"Mwaka ule walipoanza kuleta zile nguo mnadani. Ulirudi umevaa koti jekundu. Nikakwambia lako limeisha, leta pindo. Ukasema wewe hulali kwenye viraka kama masikini. Nikalikunja."

Koti nililikumbuka mara moja. Lilikuwa na vifungo vikubwa vyeusi na mfuko mmoja umechanika, na lilikuwa na harufu ile ya dawa ambayo tuliiona ni harufu ya maendeleo. Nilitembea nalo juani mpaka nikatokwa vipele. Maneno yale sikuyakumbuka, lakini nilipoyasikia nilijua ni yangu. Hakuna mtu mwingine pale kwetu aliyekuwa na mdomo wa namna hiyo.

Ningependa kuandika kwamba nilipiga magoti nikaomba radhi. Niliona aibu, ndiyo, kwa muda wa kumeza mate mara moja. Kisha hasira ikarudi na nguvu mpya, kwa sababu sasa ilikuwa imepata pa kushika.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba, mama. Nilipokataa shule ulinichapa fimbo mpaka mlangoni kwa mwalimu. Nilipokataa klorokwini ulinibana pua. Nilipokataa kwenda kuungama ulinivuta sikio mbele ya kanisa zima. Hili moja tu ndilo ulinisikiliza?"

"Shule ilikuwa lazima. Blanketi ni zawadi. Nikulazimishe kupokea zawadi?"

"Ndiyo."

Maharage yakaendelea kudondoka kwenye ungo, mazuri huku, mabovu kule, na vidole vyake havikukosea hata punje moja.

"Na miaka yote hii nikikutangaza kwamba umeninyima, mbona hukunijibu?"

"Ningejibu nini? Lilikuwa sandukuni. Ungeleta kitambaa siku yoyote, ningeshona. Mpaka mwaka juzi nilikuwa naona."

Hilo lilinikalisha chini. Nilikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nikamtazama mama yangu, na sikujua nimchukie nani kwanza. Mwaka juzi. Nilikuwa nimekuja hapo Krismasi ya mwaka juzi, nimelala chumba chenye sanduku lile, na asubuhi nikamwambia wifi yangu, mke wa kaka, mama akisikia, kwamba mimi katika nyumba hii ni mtoto wa kambo. Alisikia akanimiminia chai. Kuna kiburi kinachopiga kelele, na hicho ni changu, na kuna kiburi kinachomimina chai. Sijui kipi kibaya zaidi.

Nilipoaga alinirudishia blanketi.

"Kamwite binti achague pindo. Akikataa naye, libaki kwako. Mimi nimechoka kulikunja."

Nilirudi Sumbawanga nikiwa na matumaini ya kipuuzi kabisa, kwa sababu binti yule nilimjua. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anajifunza kupiga chapa pale mjini, na kila kitu kwake kilikuwa ama poa ama ushamba. Akisema hataki, blanketi ni langu kwa haki, na hakuna wa kuninyooshea kidole. Nakiri kwamba nilimsaidia akatae. Siku aliyokuja nilikuwa nimelitandaza likiwa na mikunjo yake yote, kona ya panya nimeielekeza kwake, na nyuzi za kingoni sikupunguza hata moja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Bibi yako amekuletea blanketi la harusi. Linataka pindo tu. Unachagua wewe."

Alilishika kwa vidole viwili, kama mtu anayeinua kifuniko cha chungu cha moto.

"Shangazi, hivi si viraka?" Alicheka, hakuwa na ubaya wowote. "Wenzangu watanionaje? Mchumba wangu ameshaleta blanketi kutoka Tunduma, la manyoya, lina picha ya chui. Hili chukua wewe tu. Mimi niko poa."

Kazi ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimepata nilichokililia miaka kumi, na kwa mdomo wake mwenyewe. Nikaanza kulikunja, kwanza mara mbili, kisha mara nne, na nguo yangu ya komunyo ikapotelea ndani. Binti alikuwa ameshageuka kuangalia barabarani. Ana shingo ndefu kama yangu ya zamani. Kichwa amekiinua vilevile, ana uhakika vilevile kwamba dunia imefunguliwa na kila kizuri kitatoka kwenye robota.

Sijui kitu gani kilinipanda. Najua tu kwamba hakikuwa upendo, wala msinisingizie. Nilimwona mama akikunja, siku ile ya koti, amenyamaza na adabu zake, ananiacha nipite mlangoni na ujinga wangu mabegani. Nilimkasirikia mpaka nikaona giza. Nilimkamata binti mkono, juu ya kiwiko, nikatoka naye.

"Shangazi, tunakwenda wapi?"

"Dukani."

Tulipita sokoni kati ya marundo ya mitumba, wauzaji wanapiga makofi kuita wateja, wavulana wanaomjua wanamwita, mambo vipi, naye anajaribu kuchomoa mkono na kutabasamu kwa wakati mmoja. Sikumwachia. Tulifika kwenye duka la vitambaa, moja kati ya machache yaliyokuwa bado yanauza vitambaa kabla havijavaliwa na mtu. Nilimsimamisha mbele ya kaunta.

"Chagua."

"Nimeshasema sitaki."

"Nimesikia. Chagua."

"Watu wanatuangalia."

"Wana macho yao, waangalie. Hata ukisema hutaki mara mia, nakusikia zote mia. Lakini hutoki hapa hujachagua pindo."

Akaanza kulia, machozi ya hasira, si ya huzuni, na akaniambia mbele ya muuzaji kwamba sasa anaelewa kwa nini ukoo mzima unanikimbia. Nilimwambia ni kweli wananikimbia. Nilimwambia pia kwamba lile la chui atalilalia mwaka mmoja, litanyonyoka, na siku hiyo atanitukana tena, lakini atanitukana akiwa amejifunika. Aliniangalia kwa chuki safi, chuki ambayo niliijua uzito wake maana nimebeba ya kwangu muda mrefu, nami sikukwepesha macho.

Muuzaji alijifanya anapanga vifungo.

Mwishowe binti alinyoosha kidole bila kuangalia vizuri. Alichagua njano, ile njano inayowaka, ambayo ingeua khanga ya bibi na kuitia aibu kaptura ya baba. Nadhani alitaka kunikomoa. Kitambaa kilikuwa kibaya kuliko vyote mle dukani, na kilikuwa chake.

"Kata hicho," nilimwambia muuzaji.

Alikishusha kutoka kwenye rafu, akachukua mkasi, akaniuliza mita ngapi. Nilimjibu bila kufikiri, mita mbili na robo. Nilikuwa nimeshalipima blanketi siku ile niliyorudi kutoka Mwazye, kwa ajili yangu.