Chumba Tulichotandikiwa London

Mwanyumba wangu sikumpenda tangu mwanzo, na kosa halikuwa lake. Tulioa ndugu, yeye dada mtu, mimi mdogo mtu. Sote tulitoka Unguja, lakini yeye alikwenda London na mimi nikaja Maskati. Kwa miaka mingi kila barua yao ilipofika niliisoma nikitafuta mahali alipojisifu. Sikupaona, na hilo likaniudhi zaidi.

Mimi nilikuwa karani wa ghala katika wizara moja Al Khuwair. Elimu yangu iliishia sekondari. Yeye alikuwa na duka la miwani, na nusu ya jamaa zetu wa Maskati walivaa miwani aliyowapa walipokwenda kumtembelea. Macho yangu yalipoanza kunisumbua nilinunua yangu katika duka moja la Ruwi, hapahapa Maskati. Ilinibana pua hata ikaacha alama, na sikuibadilisha.

Katikati ya miaka ya tisini walikuja kututazama. Tulikuwa tukikaa Wadi Kabir, nyuma ya magereji, nyumba ya vyumba vitatu ambayo ukiacha dirisha wazi vumbi la rangi za magari linaingia mpaka kwenye vikombe. Chumba cha wageni nilikipaka rangi kwa mkono wangu, nikafunga kiyoyozi kipya, watoto nikawahamishia ukumbini. Kule uwanja wa ndege mwanyumba akanambia wameshapanga hoteli, ile kubwa ya Bustan. Hakutaka kututaabisha, alisema, na watoto wetu walikuwa na mitihani.

Kwetu sisi mtu mwenye jamaa mjini halali hotelini. Akilala, watu wataulizana kumetokea nini baina yenu. Nilicheka, nikawapeleka Bustan kwa gari yangu, kisha nikarudi nyumbani kuzima kiyoyozi nilichokuwa nimekiwasha tangu asubuhi ili chumba kipoe.

Ijumaa wakatualika chakula cha mchana hukohuko hotelini. Sijapata kuona dari la juu namna ile. Mwanyumba alinichukulia sahani, akanijazia nyama za kila namna, akanirejeshea mezani. "Kula, mwanyumba," alisema, "hapa hakuna mke wa kukuhesabia minofu." Wote wakacheka, na mke wangu aliwashinda wote. Kicheko kile nilikaa nacho miaka minane.

Watoto walipomaliza kusoma na kuanza kazi, wakatuchangia tiketi za London. Shemeji, dada wa mke wangu, alipiga simu kusema chumba kipo tayari. Mke wangu alikuwa na haja moja tu katika safari ile: kulala nyumba moja na dada yake, waamke pamoja, wanywe chai bila ya mtu kutazama saa. Tangu waolewe hawakupata hilo. Nikamwambia inshallah. Halafu nikaenda kwa wakala wa safari, nikapanga hoteli siku tisa. Mke wangu nilimwambia tukiwa tumeshapaa.

Akauliza, "Dada anajua?"

Nikamwambia nitamwarifu tukifika.

Walikuja wote wawili kutupokea. Nilimwambia mwanyumba maneno yake mwenyewe, sikupunguza hata moja: tumeshapanga hoteli, hatutaki kukutaabisheni. Alinitazama kwa muda kupitia ile miwani yake, nikajua ameelewa. Shemeji hakuelewa. Alimshika mkono mdogo wake, akamuuliza, "Umenikasirikia?"

Hoteli yenyewe ilikuwa chumba ambacho ukitaka kufungua sanduku lazima uliweke juu ya kitanda. Asubuhi walituletea mayai, maharage matamu na soseji ambazo hatukuzigusa. Jioni ya kwanza tuliingia mkahawa uliowasha mishumaa mezani na nje bado kweupe. Nikaagiza samaki kwa kuonyesha kidole. Akaja mweupe, hana chumvi, hana ndimu. Mke wangu akatoa kichupa cha pilipili kwenye mkoba, akaninyunyizia mimi kwanza. Nilimwambia chakula ni kizuri.

Nilimtembeza. Tulipanda basi lisilo na paa, mvua ikatunyea, tukaona kasri, tukaona saa kubwa na mto wenye maji rangi ya chai ya maziwa. Kwenye makumbusho tulitazama vyungu vya watu waliokufa zamani mpaka miguu ikavimba. Kila mahali nilimsimamisha nikampiga picha, ili watu wa Maskati waone. Nnazo mpaka leo. Hakuna hata moja anayotazama kamera.

Siku ya nne shemeji alikuja kwa treni ya chini ya ardhi, amebeba hotpoti la wali wa nazi na mchuzi wa nguru. Kijana wa mapokezi akamwambia kwa adabu kwamba chakula cha nje hakiliwi mle. Mke wangu akanipigia simu kutoka chini, niteremke, kuna bustani mbele ya hoteli, tutakaa kwenye benchi. Nikasema mguu unaniuma.

Nilisimama dirishani nikawatazama. Walijifunika shali moja, mfuniko wa hotpoti wakaufanya sahani, wakala kwa mikono katika baridi ile. Njiwa waliwajia, shemeji akawafukuza kwa ncha ya kiatu, na mke wangu akacheka mpaka akajishika kifua. Nyuma ya kioo sikusikia kitu. Niliona wivu juu ya yule mwanamke aliyeweza kumchekesha vile kwa wali tu, na mimi nilikuwa nimemwonyesha kasri.

Siku ya mwisho tulikwenda kwao kwa chakula cha mchana. Nikitafuta choo nilifungua mlango usio wake. Ndani kulikuwa na kitanda kilichotandikwa shuka nyeupe za kutarizi, misala miwili imeelekezwa kibla, na chetezo chenye jivu la udi. Pembeni, kwenye mlango wa choo cha chumba hicho, niliona kopo la maji la buluu, jipya, bado lina karatasi ya dukani. Nyumba za kule chooni hazina maji ya kujitwaharishia. Mtu hununua kopo kama lile akiwa anangoja wageni wa kwao.

Mwanyumba alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Kila siku anabadilisha shuka," alisema. "Anasema huenda mkaja."

Nilitamani iwe kejeli nipate la kumjibu. Haikuwa. Ulibaki usiku mmoja, ndege yetu ilikuwa asubuhi, na masanduku yangeweza kuletwa kwa teksi. Maneno yalikuwa matatu tu: tutalala hapa leo. Nikaufunga mlango, nikamuuliza choo kiko wapi.

Shemeji alifariki mwaka wa pili yake, wakati wa baridi. Huko nako hawakumchelewesha, alizikwa kesho yake, na mke wangu hata viza hakuwahi kuomba. Watu walipokwisha kuondoka matangani aliniuliza, "Tulilala siku ngapi hotelini?"

"Tisa."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia chumbani. Hajalitaja tena, na mimi ningependa angenitukana.

Sasa kila Ijumaa baada ya sala mwanyumba hupiga simu. Huzungumza na mke wangu saa nzima juu ya marehemu: alivyogombana na jirani kwa harufu ya samaki wa kukaanga, alivyokuwa akificha haluwa asile mwengine. Mke wangu hucheka kile kicheko. Mimi hukaa ukumbini na miwani yangu ya Ruwi, nikisikia upande mmoja. Nilikaa siku tisa katika mji ule na sina hata hadithi moja ya shemeji ya kuwachangia.

Mara moja niliichukua simu nikamwomba radhi. Akasema, "Mimi ndiye niliyeanza, mwanyumba, kule Bustan." Hata kosa langu alitaka kunipokea nusu yake. Nilimwonea wivu kwa hilo pia.

Ijumaa iliyopita mke wangu alifunika simu kwa kiganja akaniuliza kama namkumbuka dada yake alivyowafukuza wale njiwa. Nikamwambia namkumbuka.

"Wewe hukuwapo," alisema, bila ya hasira, akarudi kwenye mazungumzo yake.