Tembo wa Pili

Mama Dobi hufuma wanyama wake kuanzia makalioni. Hukunja uzi kidoleni, akaingiza sindano ya kroshia, akafuma duara dogo kama kifungo cha koti. Duara hilo hulizungusha na kulizungusha mpaka linakuwa kikombe, na kikombe kinakuwa tumbo. Tumbo likishiba vitambaa alivyovikatakata, hulibana shingoni, akapandisha kichwa, na kama mnyama ni tembo, mwisho kabisa humalizia na mkonga. Fundo la mwisho hukaa kwenye ncha ya mkonga. Miguu na masikio hufumwa pembeni na kushonewa baadaye.

"Kumbe tembo wako huzaliwa matako kwanza," fundi viatu alimwambia siku moja. "Ndiyo maana wote wana sura ya kushtuka."

"Kumi na saba, kumi na nane," Mama Dobi akaendelea kuhesabu bila kuinua uso. "Wewe nadhani ulizaliwa ubavu, maana mpaka leo hujui mbele ni wapi. Kumi na tisa."

Tunaishi uwanja mmoja, vyumba sita vinavyotazamana, bomba katikati. Kamba za Mama Dobi zimekatiza uwanja mzima, hata ukitaka kwenda chooni lazima upite kati ya mashuka ya watu usiowajua. Hilo jina alipewa na kazi. Mtoto hana. Hufua asubuhi, na ikifika saa sita vidole vyake vimekuwa vyeupe na vimejikunyata kama vya kichanga. Hawezi kushika uzi na vidole vya namna hiyo. Basi hukaa mlangoni kwake, akavitia kwapani, akasubiri ngozi irudi. Ikisharudi, hufuma mpaka nguo zikauke, jicho moja kwenye kazi na jingine mawinguni.

Uzi huupata kwenye masweta yaliyokufa. Mtu sweta lake likitoboka viwiko humletea, naye hulifumua lote. Uzi wa kufumuliwa hutoka umejikunjakunja kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Huuzungushia mgongo wa kiti, akaufunga, akaulowesha, akautundika kambani na jiwe kwa chini ili ukauke umenyooka. Watoto wengi wa mtaa huu wameotea meno kwenye sikio la mnyama wake.

Lakini macho hashoni mapema. Mnyama hukaa kipofu kwenye kapu la vibanio vya nguo mpaka mtoto azaliwe na alie. Habari ya kilio ikimfikia, ndipo hutunga uzi mweusi.

Nilimwuliza sababu mimba yangu ikiwa ya miezi saba. Nilikuwa nimemnyooshea mikono miwili, yeye anaviringisha uzi kutoka mikononi mwangu.

"Wangu nilimfumia kuku," alisema. "Nikamtia macho mapema, kuku akawa ananitazama kila nikiamka. Mtoto akaja. Hakulia." Kisha akanigusa kiwiko. "Inua mkono wa kushoto, mwanangu, uzi unalegea."

Sikumwuliza tena.

Mimi nilibeba mapacha. Tangu siku ilipojulikana, uwanjani hakuna aliyeniita vingine ila Mama Mapacha. Fundi viatu aliniahidi jozi mbili za viatu, akasema zote atazishona za kushoto, ili watoto wakitaka kutoroka wazunguke hapo hapo. Mama Dobi alifumua sweta moja la shule, la kijivu, akatoa tembo wawili.

"Tumbo moja, sweta moja," alisema, akawatumbukiza kapuni, vipofu wote wawili.

Siku yenyewe mume wangu alikuwa amesimama kwenye korido ya hospitali. Binti yetu alitangulia, akalia kwa nguvu. Baada ya muda mume wangu akasikia kilio tena, akajua na wa pili ameshafika. Akampigia fundi viatu, kwa kuwa ndiye pekee pale uwanjani ambaye simu yake haizimiki. Fundi viatu akapanda juu ya kigoda chake na kupaza sauti: "Wawili! Wote wamelia!" Mama Dobi aliacha mashuka kwenye povu, akafuta mikono kwenye kanga, akashona macho manne papo hapo, ngozi haijarudi. Fundi viatu aliniambia baadaye kwamba alijichoma mara tatu huku anacheka.

Kile kilio cha pili kilikuwa cha binti yule yule, walipokuwa wanamfuta. Kaka yake alikuja kimya, akabaki kimya.

Nilimwona kwa muda mfupi, lakini sikio lake nililiona. Lilikuwa limekunjika kwa juu, kama la baba yake. Alifunikwa kwa kitenge nilichokwenda nacho, baba yake na baba yake mdogo wakamchukua, na mimi nikabaki kitandani na mmoja.

Nilirudi nyumbani siku ya nne. Kule hospitali nesi alikuwa amekata vipande viwili vya plasta, akaviandika kwa kalamu, "Wa kwanza" na "Wa pili," akabandika kwenye nguo zao. Cha binti kilitoka kwenye maji nilipofua. Cha kaka yake mume wangu alikibandua kabla ya kumfunika. Sijui alikuwa anawaza nini, na yeye hajasema. Alinipa mkononi, akatoka nje.

Kipande chenyewe hakizidi urefu wa kidole. Sikuwa na kitu kingine chake, hata uzi. Tena sikuwa na mahali pa kukiweka. Nilikiweka chini ya mto, kikanasa kwenye nywele zangu. Nilikiweka ndani ya kopo tupu la chumvi, mume wangu nusura alitupe. Mwishowe nikakiweka ndani ya kadi ya kliniki ya binti. Nilipoifungua kadi mbele ya dirisha la kliniki, kikadondoka, mama mmoja akakikanyaga, kikaganda kwenye ndala yake. Nilipiga magoti nikamshika mguu.

"Ah, dada, acha tu, ni takataka hiyo," alisema kwa wema kabisa.

"Siyo taka," nilisema. Kusema ni nini nilishindwa.

Nilipokuwa nikikibandua ndipo nikamkumbuka yule tembo mwingine. Alifumwa kwa ajili yake. Yule alikuwa wake, hata kama hakumgusa.

Wakati huo Mama Dobi alikuwa hajaja kuniona. Wengine walikuja, wakanishika bega, wakasema nishukuru ninaye mmoja. Jina langu liliwafia mdomoni. Utasikia, "Mama... eh, wewe mama, ndoo yako." Tembo wa binti aliletwa na fundi viatu, ndani ya foronya safi, amenyooshwa masikio.

"Na mwingine?" nilimwuliza.

Alijikuna kisogo kwa mpini wa msharasi wake wa kutobolea ngozi. "Mimi tarishi tu, shemeji. Nimekabidhiwa mmoja."

Wiki zikapita. Nikitoka na karai langu naiona miguu ya Mama Dobi chini ya mashuka, inakuja upande wangu, inasimama, inageuka. Siku ya kwanza nilidhani amesahau kitu. Siku ya tano nikajua ananikimbia, nikasema moyoni, basi nimekuwa mkosi hata kwa huyu.

Halafu asubuhi moja, kati ya kitambaa cha meza na fulana ya mtu, nikaona uzi wa kijivu umetundikwa kambani, unadondosha maji, jiwe kwa chini.

Nilisimama nikautazama. Kisha nikamfunga binti mgongoni, nikapita katikati ya mashuka bila kuyashika, mengine yakanipiga usoni na ubichi wake.

Mama Dobi alikuwa mlangoni kwake, mikono kwapani.

"Umemfumua," nikasema.

"Kaa, mwanangu."

"Sikai. Umemfumua mwanangu?"

Nilivyosema nilisikia mwenyewe, na yeye alisikia. Aliinama.

"Nilimtia macho," alisema. "Miaka yote hii nangoja kilio. Watoto wa watu wangapi, nangoja. Siku yako furaha ikanipanda, nikaacha hata mashuka ya watu kwenye povu. Nikamtia macho mtoto ambaye hajafika."

"Ni baba yake aliyehesabu kilio kimoja mara mbili."

"Sindano niliishika mimi."

Mambo ya macho siyajui. Mimi ni mtu wa darasa la saba, siwezi kusema lipi linaleta lipi. Lakini nilimwona jinsi alivyokonda shingo, nikaelewa kwamba ile miguu chini ya mashuka haikuwa ikinikimbia kwa sababu ya mkosi wangu. Alidhani mkosi ni yeye.

"Mama," nikamwambia, "mimi ndiye niliyembeba miezi minane. Nikala naye, nikalala naye, nikainua ndoo naye. Kama tunatafuta wa kulaumiwa, foleni inaanzia kwangu. Wewe uko nyuma huko."

Aliingia ndani, akatoka na foronya. Akatoa mwili wa tembo, miguu minne ikining'inia, na mkia. Kichwa hakuna. Vitambaa vya ndani alishavitoa. Shingoni, tanzi la mwisho alikuwa amelishikiza kwa pini lisiendelee kukimbia.

"Nilianzia kwenye mkonga," alisema. "Nilitaka niumalize wote nisimwone tena. Nikafika shingoni, mkono ukagoma. Siku ya ngapi hii, kumalizia siwezi, kumrudisha siwezi. Uzi nimeuanika leo ninyooshe, labda nimfumie kichwa upya. Nipe siku mbili. Macho simtii, ukitaka."

Nilimpokea. Bila kufikiri nikaingiza mkono shingoni, ukazama mpaka kwenye kifundo cha mkono. Ndani kulikuwa na ncha za nyuzi na mafundo yote ambayo kwa nje huyaoni. Nilitulia hivyo, mkono wangu ndani ya tumbo lile dogo, binti akipumua mgongoni.

"Usimfunge," nikasema.

"Nini?"

"Usimrudishie kichwa. Mwache wazi hivi hivi. Nina kitu cha kuweka."

Nikafungua pindo la kanga, nilikokifunga tangu siku ile ya kliniki, nikampa kile kipande cha plasta. Alikisogeza mbali na macho, kisha karibu, akakisoma kwa midomo, herufi moja moja. "Wa... pili." Akaketi chini. Akalia kwa sauti, kilio cha mtu mzima kinachotia aibu kusikia. Binti akashtuka mgongoni, naye akaangua chake. Mimi machozi yangu nilidhani yalikwisha hospitalini, kumbe bado.

"Kuna nini huko?" fundi viatu aliita kutoka kwenye kigoda chake.

"Kuna tembo!" Mama Dobi akamjibu katikati ya kwikwi. "Shona viatu vyako!"

Uzi ulikuwa bado mbichi, lakini hakusubiri. Aliuteremsha kambani, nikamnyooshea mikono, akaviringisha. Akatoa pini, akafuma ukingo kuzunguka shingo yote, mizunguko miwili ya kubana, ili kazi isifumuke tena. Alihesabu kwa sauti. Thelathini na nne, thelathini na tano. Uzi uliobaki wa kichwa akausokota kuwa kitanzi cha kutundikia.

Niligonga msumari ukutani, upande wangu wa kitanda. Ndani ya tembo niliweka kile kipande, na soksi mbili ndogo ambazo hazikuvaliwa, na baadaye kadi ya kliniki ya dada yake ikahamia humo. Jioni mume wangu alirudi kutoka kazini kwake ghalani, akamwona. Alinawa mikono. Akaenda pale ukutani, akaingiza vidole shingoni mwa tembo, akaviacha humo kwa muda kama mtu anayepapasa ndani ya mfuko akitafuta ufunguo. Kisha akaja kula.

Binti sasa anasimama kwa kushikilia kitanda, na kitu cha kwanza anachokivuta ni mguu wa tembo wa kaka yake. Wake mwenyewe ameshamnyonya sikio mpaka limelala. Wino wa kile kipande umefifia. Herufi ya kwanza bado inaonekana ukikiinamisha dirishani.

Mama Dobi bado anafuma. Watoto wengine wamezaliwa mtaani hapa, lakini habari ya simu haimtoshi tena, wala ya fundi viatu. Husubiri mtoto aletwe nyumbani, akampakata, akangoja alie mkononi mwake. Kuna mmoja alikuwa mpole mno, akakaa naye mchana kutwa, nguo zikanyeshewa kambani, hakunyanyuka.

Kesho yake baada ya ile siku ya uzi, nilikwenda bombani. Wanawake watatu walikuwa kwenye foleni na ndoo zao, wakanipisha kwa ule upole wa kukwepa macho. Nikatega ndoo yangu, nikawa natazama mashuka. Ile miguu ikaja upande wetu chini ya mashuka. Safari hii haikusimama. Mama Dobi akapenya katikati ya mashuka, kibanio mdomoni, akakitoa.

"Mama Mapacha!" akaita. "Ndoo yako inamwagika."

Wale wanawake watatu wakatazama chini.

"Abee, mama," nikaitika. "Nimeiona." Nikafunga bomba.