Haboba Anakwenda Kukagua Chuo

Barua ya kukubaliwa chuoni ilifika Koboko siku ya soko, na ilipita mikononi mwa watu watatu kabla ya kunifikia. Karani wa posta alimpa muuza chumvi, muuza chumvi akampa kinyozi, na kinyozi akampelekea baba yangu, aliyekuwa ameinamia cherehani yake barazani. Kila mmoja alikuwa ameisoma. Nilipokuwa narudi kutoka kisimani watu wawili walinipongeza njiani, nami sikujua napongezwa kwa lipi. Nilikasirika sana. Mimi hukasirika upesi, na mwaka ule wa sabini na tatu nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikiamini kwamba dunia nzima imekula njama ya kunichelewesha.

Chuo chenyewe kilikuwa cha binafsi, karibu na Kampala, na kilifundisha kazi ya maabara ya hospitali. Kilichukua wachache na kuwakataa wengi. Nilikuwa nimefanya mtihani wao Arua, nikahojiwa na mama mmoja mwenye miwani aliyenitaka nionyeshe kucha zangu kabla hajauliza swali lolote. Sasa walinitaka. Nilitakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi na kulipa ada ya muhula wa kwanza, la sivyo nafasi apewe mwingine.

Ada ndiyo ilikuwa kigingi. Baba aliisoma barua mara mbili, akaangalia cherehani yake, akaniangalia mimi, akaangalia tena cherehani. Hata angeiuza, isingefika nusu. Kitu pekee katika ukoo wetu kilichoweza kulipa ada ile ni mbuzi waliokuwa wakilishwa kijijini Dranya, na mbuzi wale walikuwa wa haboba.

Haboba ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi. Wangu alikuwa mama mzazi wa baba, mjane wa askari, mfupi, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia au akibadili mawazo. Nyumbani tulisema Kinubi, lakini akitaka neno lake lishike alihamia Kiswahili cha kambini, kwa sababu ndicho mumewe alichotumia kuwaamrisha askari.

Nilimwonyesha kijitabu cha chuo. Kilikuwa na picha za wasichana wenye makoti meupe, na ukurasa mzima ulioeleza kazi walizopata waliomaliza. Nilimsomea wote, tena kwa madaha. Yeye alitazama picha tu.

"Hawa nacheka nini?" aliuliza.

"Wamefurahi, haboba. Wamemaliza masomo."

"Mutu akitaka kuoa, yeye pia nacheka hivi." Akanirudishia kijitabu, akamgeukia baba. "Mwanaume akitaka mutoto yangu, mimi naenda kuangalia nyumba yake kwanza. Hii chuo nataka mutoto yangu. Nyumba yake iko wapi?"

"Iko mbali, mama. Iko Kampala."

"Basi mutu mwenye alitoka huko, iko wapi?"

Hapo lazima nieleze desturi yetu. Msichana akiposwa, wanawake wa kwao hawajibu mpaka wameiona nyumba ya mposaji. Huenda asubuhi, bila taarifa, wakabisha hodi na kuomba maji. Basi, ni hayo tu. Lakini katika maji yale mtu kama haboba alisoma kila kitu: mtungi umefunikwa au la, kikombe kimesuguliwa au kimepitishwa tu kwenye maji, aliyeleta ameinama au amenyoosha mkono mmoja, na zaidi ya yote, yamechukua muda gani kufika. Maji yakichelewa, ni nyumba ya wavivu. Na ukishaomba huruhusiwi kuondoka kabla hujanywa, maana hiyo ni kuitukana nyumba.

Haboba aliheshimu sana jambo la maji. Ng'ambo ya njia, kuelekeana kabisa na mlango wetu, alikaa mama mmoja wa rika lake, naye mjane wa askari, aliyetoka upande wa Kongo. Tangu nizaliwe sikuwaona wakisalimiana. Sisi watoto tulikatazwa kunywa maji kwake. Tuliambiwa ana jicho baya, na maelezo yaliishia hapo. Haboba alipopita pale aligeuzia uso ukutani.

Baba aliulizia, akasikia kwamba katika hospitali moja Arua kulikuwa na binti mmoja kutoka Logiri aliyemaliza chuo kile kile. Haboba akasema vizuri, Jumamosi. Akamchukua shangazi, dada yake baba, kwa sababu shangazi alijua kuuliza maswali ambayo watu wenye haya hawayaulizi. Akanichukua na mimi, ingawa desturi haimpeleki mwari.

"Twende uone na macho yako," alisema. "Kesho usinililie."

Tuliondoka alfajiri kwa lori la tumbaku. Njia nzima nilikuwa nikimwombea yule binti, mtu nisiyemjua. Niliomba awe amefagia. Niliomba awe amechana nywele. Niliomba mtungi wake uwe na kifuniko, na mwenyewe awe mwepesi wa miguu.

Tulimkuta kwenye nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja na kibaraza. Hakuwa amefagia. Nywele zilikuwa zimefumuliwa nusu, kitana bado kimening'inia upande wa kushoto. Ndani kulikuwa na kitanda, baiskeli, kiti kimoja na vitabu sakafuni. Shangazi alinitazama kwa huruma, mtu angedhani anatazama maiti. Lakini yule binti alitukaribisha vizuri, akampa haboba kiti na sisi mkeka, wala hakuuliza tumefuata nini.

Haboba akakohoa. "Binti yangu, nipe maji."

"Maji iko, mama, lakini hapana tayari. Ngojeni kidogo, mimi nachemsha."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mtungi ulikuwa pale, umejaa, tena una kifuniko! Lakini binti alikwenda kuwasha jiko, na mkaa ulikuwa na unyevu. Alipepea. Moshi ukatuingia machoni. Shangazi akaninong'oneza kwamba hata wachawi hawawanyimi wageni maji. Alitaka tuondoke, lakini haboba alikuwa ameshaomba, kwa hiyo tulikuwa tumefungwa. Tulikaa. Maji yakachemka hatimaye, nasi tukadhani mateso yamekwisha, kumbe bado kupoa. Akaiweka sufuria ndani ya karai la maji baridi, akaketi nasi mkekani, akaendelea kusuka nywele zake mwenyewe bila wasiwasi wowote.

Shangazi akaanza. "Umeolewa?"

"Bado, mama."

"Mshahara natosha?"

"Natosha kidogo. Mama yangu iko na mabati sasa. Wadogo wawili nasoma."

Shangazi alishtuka, jibu lilikuwa zuri kuliko alivyotaka. "Na kazi yako ni kazi gani hasa?"

"Mimi naangalia mavi," alisema binti. "Na mkojo na damu. Lakini mavi ndiyo mingi."

 Shangazi alijifunika mdomo kwa mtandio. "Mavi ya nani?"

"Ya watu wote, mama. Hata ya wakubwa."

Kijitabu changu hakikuwa kimeandika hivyo. Kiliandika "uchunguzi wa sampuli", na mimi nyumbani nilikuwa nimesoma maneno yale kwa sauti ya redio. Niliona mbuzi wote wa Dranya wakirudi zizini mmoja mmoja. Nilimchukia yule binti kwa ukweli wake. Leo naona haya kukumbuka nilivyomchukia.

Maji yakaletwa. Haboba akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akakigeuza, akakinusa, akanywa. Kisha akauliza, si kwa ukali:

"Kwa nini nachemsha? Kisima yenu ni mbaya?"

"Kisima yote, mama, ukiangalia karibu."

"Nani aliangalia karibu?"

"Mimi."

"Basi nionyeshe."

Shangazi alikataa katakata kuingia maabara, akabaki nje chini ya dirisha akituombea dua. Binti alikuwa na zamu mchana ule. Alimweka haboba kwenye kigoda mbele ya hadubini, akadondosha kitu kidogo kwenye kioo, akamwambia afumbe jicho moja. Haboba alifumba lile la kuangalia. Aliporekebishwa alisema anaona majani marefu meusi, nayo yalikuwa kope zake mwenyewe. Nilianza kucheka. Binti naye alicheka, hata haboba akatikisika mabega. Kisha akatulia.

Akasogeza uso karibu zaidi na kioo.

"Natembea," alisema.

"Ndiyo, mama. Hiyo ni mnyama. Naingia na maji ao chakula chafu. Inaleta tumbo ya damu. Leo asubuhi ilitoka kwa mutoto wa miaka mbili. Sasa tumempa dawa."

"Mutoto atakufa?"

"Hapana. Alikuja mapema."

Haboba hakuinua kichwa. Akiwa bado ameinama pale, jicho kwenye kioo, akaanza kusema mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Kabla ya baba na shangazi alikuwa amezaa watoto watatu. Walikufa wote katika masika moja, kwa tumbo la damu, wa mwisho akiwa amembeba mgongoni. Yule jirani wa Kongo alikuwa akiwapenda, akiwapa maji na uji kila walipovuka njia, na yeye alikuwa hana mtoto. Watu wakasema ni jicho lake. Haboba akakubali, kwa sababu alihitaji kuwe na mtu wa kulaumiwa.

"Nilisema ni yeye," alisema. "Kumbe ilikuwa hii."

 Yule binti alimshika haboba bega akauacha mkono pale. Baadaye, nilipolivaa koti jeupe mimi mwenyewe, nilikuwa na maelezo mengi ya kitaalamu ya kuwapa watu mahali kama pale, na sikuwahi kutoa yaliyo bora kuliko mkono ule. Siku ile nilisimama tu na kijitabu changu kwapani, nikilia kimya, hasira zangu zote za mwezi mzima zimeniishia.

Safari ya kurudi haboba aliangalia barabara tu. Shangazi aliposema kwamba msichana wa kwetu hawezi kupelekwa kusomea mavi, hakujibiwa. Mimi sikuthubutu kuuliza. Kufikia mwisho wa mwezi zilikuwa zimebaki siku tano.

Asubuhi ya pili haboba alivaa nguo zake za Ijumaa, ingawa ilikuwa Jumapili. Aliniita. Nilidhani tunakwenda Dranya kwenye mbuzi, moyo ukaruka. Badala yake akavuka njia.

Yule mama wa Kongo alikuwa akifagia uwanja. Alipotuona alinyooka na ufagio mkononi, hakujongea. Haboba alitoa salamu, mwenzake akaitikia taratibu.

"Mimi nakuja kuomba maji," haboba alisema.

Sijapata kuona maji yakija upesi vile. Mtungi ulikuwa umefunikwa, kikombe kinang'aa, na yule bibi kizee, magoti yake yakiwa yanalia, aliinama akakitoa kwa mikono miwili. Kwa kanuni zote za haboba ile ilikuwa nyumba ya kumwozesha binti. Lakini mimi nilikuwa nimetoka maabara jana tu. Nilifungua kinywa kusema maji hayajachemshwa, haboba akanifinya paja hadi machozi yakanilenga. Akanywa. Akanywa yote mpaka chini, akakaa na kikombe kitupu.

"Ile watoto yangu," alisema. "Haikuwa wewe."

"Mimi nilijua," alisema mwenzake.

"Mimi nimejua jana."

 Ufagio ulikuwa umeanguka na hakuna aliyeuokota. Kisha haboba akanisukuma mbele kwa kiganja.

"Huyu anakwenda chuo. Anakwenda kusoma ile mnyama. Mimi nauza mbuzi."

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, na mtu wa kwanza kupewa habari hakuwa mimi. Nikasikia hasira ikitaka kunipanda kwa mazoea tu, lakini kicheko kiliiwahi. Mama wa Kongo alinitazama juu mpaka chini, mtoto aliyekatazwa maji yake miaka kumi na tisa. Alichota kikombe cha pili, akanipa. Nilimwangalia haboba. Haboba aliangalia kwingine.

Nikanywa.

Tumbo liliniuma siku mbili, nami sikuthubutu kulalamika. Haboba halikumuuma hata kidogo. Wiki ile mbuzi waliuzwa na jibu langu likapelekwa posta, safari hii nikalipeleka mwenyewe, limefungwa kwa gundi. Na tangu wiki ile maji ya nyumba zile mbili yalichemshwa katika sufuria moja, upande wetu siku moja, upande wao siku inayofuata.